Tshibumba Kanda-Matulu, mchoraji aliyetuandikia historia kwa rangi

Mtu tunayemleta leo hakuwa waziri, hakuwa jenerali, wala hakuwa na kampani. Alikuwa mchoraji wa mitaani. Alitembeza picha zake mlango kwa mlango katika miji ya madini ya Katanga, sawa vile mama anavyotembeza ndagala kwetu Uvira, na ile siku ambayo hakuna aliyenunua alirudi nazo nyumbani. Leo picha zake ziko kwenye majumba makubwa ya makumbusho ya Ulaya, na maprofesa wanaandika vitabu juu yake. Lakini ukiuliza vijana kumi hapa kwetu, labda tisa hawajasikia jina lake hata mara moja. Jina lake ni Tshibumba Kanda-Matulu.

Alizaliwa mwaka 1947. Ile wakati mji wa Lubumbashi uliitwa Elisabethville, na mwenye mji kwa kweli ilikuwa Union Minière. Kampani ndiyo iliyokuwa na kambi za wafanyakazi, hospitali, masomo na ile bomba ndefu ya moshi ambayo kila mtu aliiona kutoka mbali. Jamaa yake walikuwa Waluba wa Kasai, watu ambao kampani iliwatafuta kwa wingi ili wafanye kazi ya shaba. Kambini kulikuwa na Wabemba, Walunda, Waluba wa pande zote, na watu waliotoka hadi Rwanda na Rhodesia. Ili wote waelewane kwenye shimo na kwenye soko walisema Kiswahili, Kiswahili cha kazi, tofauti kidogo na hiki chetu cha ziwani. Ni katika lugha hiyo Tshibumba alisikia masimulizi ya wazee, na ni katika lugha hiyo baadaye alieleza picha zake moja kwa moja.

Hakupita kwenye akademi. Katika Elisabethville tangu 1946 kulikuwa na kikundi cha Mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés, ambako vijana kama Pilipili Mulongoy, Bela na Mwenze Kibwanga walichora samaki, ndege na nyoka wa kupendeza sana. Hatuwadharau, maana walikuwa mafundi wa kweli. Lakini picha hizo zilinunuliwa hasa na Wazungu, na ndani yake huwezi kuona fimbo, wala mnyororo, wala mgomo. Tshibumba alitoka upande mwingine. Yeye alichora kwa ajili ya saloni ya mfanyakazi: mwenye vifaa vya kazi, karani, mwalimu, mtu aliyepata mshahara mwisho wa mwezi na kutaka kitu cha kutundika ukutani juu ya viti.

Vyombo vyake vilikuwa vya maskini. Kitambaa kilitoka kwenye magunia ya unga. Kilipakwa kwanza ili kisinywe rangi, kisha kikavutwa kwenye mbao. Alichora mistari, akajaza rangi, akaandika maneno ya Kifaransa juu ao chini ili mtazamaji ajue ni nini, na pembeni akatia sahihi yake. Mnunuzi akitaka ile picha aliyoiona kwa jirani, alichora tena ileile, kwa mkono, tangu mwanzo. Hapakuwa na mashini.

Wachoraji wa namna yake walikuwa wengi katika Shaba ya miaka ya 1970, na wanunuzi walikuwa na mambo yao waliyopenda. Kwanza mamba muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki anayekupa utajiri na kukudai malipo. Pili, Simba Bulaya, simba wa Ulaya waliosemekana kula watu. Tatu, Lumumba. Na nne ile picha iliyojulikana kuliko zote, koloni ya Wabelgiji: mtu amelazwa chini, askari anampiga fimbo ya kiboko, Mzungu amesimama na kofia yake anatazama, na wafungwa wengine wanangoja zamu yao ao wanabeba mizigo. Picha hiyo ilitundikwa katika nyumba nyingi kabisa. Mtu anaweza kujiuliza, kwa nini mfanyakazi atoe pesa yake kidogo anunue picha ya mwenzake akipigwa? Watu wa Shaba walikuwa na neno moja la kujibu, nalo ni ukumbusho. Picha si ya kurembesha nyumba tu. Ni ya kukumbusha, mtoto aiulize, mzazi aeleze. Na mwenye akili, akiitazama ile fimbo chini ya serikali ya Mobutu, alielewa bila kuambiwa kwamba fimbo haikwenda Ubelgiji pamoja na Wabelgiji.

Hapa tuvuke bahari kidogo, maana jambo hili si la Kongo peke yake. Kaskazini-mashariki mwa Brazili, nchi ambako damu ya watumwa wa Kongo na Angola ni nyingi, kuna vitabu vidogo vya mashairi vinavyoitwa cordel, maana yake kamba, kwa sababu sokoni vilitundikwa kwenye kamba sawa nguo zilizoanikwa. Kurasa 8, 16 ao 32, karatasi ya bei ya chini, na juu ya jalada picha iliyochongwa kwenye ubao, ikapakwa wino na kugandamizwa. Mwuzaji alisimama akasoma kwa sauti, akafika mahali patamu, akanyamaza. Anayetaka kujua mwisho anunue. Leandro Gomes de Barros, aliyezaliwa 1865 na kufa 1918, anaitwa baba wa vitabu hivyo. Jambazi Lampião alipouawa 1938, na rais Getúlio Vargas alipojiua 1954, wakulima wengi wasiojua kusoma walipata habari kwa njia ya vitabu vya kamba. Mwaka 2018 serikali ya Brazili iliandika kazi hiyo kati ya mali ya utamaduni wa taifa.

Kwetu pia tulikuwa na ndugu wa vitabu hivyo. Mwaka 1965 mtu mmoja, André Yav, aliandika kwa Kiswahili cha Katanga kijitabu juu ya historia ya mji wa Elisabethville, kwa jina la chama cha watu waliokuwa boyi na wapishi wa Wazungu. Kilipigwa kwa mashini ya kuandikia, hakikupita kwa mchapishaji yeyote mkubwa. Yav aliandika kwa maneno, Tshibumba akaandika kwa rangi. Wote wawili walikuwa na wazo moja: historia ya mji huu wafanyakazi wanaijua, basi waiseme wenyewe.

Mwaka 1973 Tshibumba, akiwa na miaka 26, alifika na picha zake kwa mwalimu mmoja Mjerumani wa chuo kikuu cha Lubumbashi, Johannes Fabian. Huyu alikuwa anachunguza maisha na lugha ya wafanyakazi, na Kiswahili alikisema. Wachoraji wengi walipita kwake. Lakini Tshibumba alikuwa na jambo lingine moyoni: kuchora historia yote ya nchi, tangu mababu hadi leo, moja baada ya nyingine. Mwalimu akakubali kuzinunua. Kuanzia hapo hadi mwisho wa 1974 Tshibumba alileta picha kwa mafungu. Kila mara waliketi, mashini ya kurekodi sauti ikawashwa, mchoraji akaeleza picha moja moja, mwalimu akauliza, mchoraji akajibu, na mara nyingine wakabishana. Kazi ilipofungwa picha zilikuwa 101.

Tusipite haraka kwenye hesabu hiyo. Picha 101 za historia, mtu mmoja, kwa kitambaa cha gunia. Hata wizara ya masomo haikuwa imetengeneza kitu kama hicho kwa ajili ya watoto wa Zaire.

Ndani yake mna nini? Mna wafalme wa zamani na kufika kwa Wareno kwenye mlango wa mto. Mna Livingstone na Stanley, na Waarabu wa biashara ya watumwa, ambao sisi wa ziwa Tanganyika tunajua walipita wapi. Mna Msiri wa Bunkeya, aliyeuawa Disemba 1891 na watu wa safari ya Stairs, walipokuja kuchukua Katanga kwa ajili ya mfalme Leopold. Mna reli, misioni, kodi, jela. Kisha mna picha ambayo sisi watu wa sendika hatuna haki ya kuisahau, picha ya wafanyakazi wa Union Minière waliouawa 1941.

Tuieleze. Ilikuwa wakati wa vita. Ubelgiji ilikuwa chini ya Wajerumani, na madini ya Kongo yalitakiwa kwa nguvu na Waingereza na Wamarekani. Kazi iliongezwa, bei ya vitu ikapanda, mshahara ukabaki palepale. Wafanyakazi Wazungu walijipanga wakadai, wakasikilizwa. Weusi hawakuwa na ruhusa ya kuwa na sendika. Ruhusa hiyo ilikuja 1946 tu. Walakini mwanzoni mwa Disemba 1941 waliweka vyombo chini, mgomo ukaenea kutoka shimo moja hadi lingine. Tarehe 9 Disemba umati ulikusanyika kwenye uwanja wa mpira wa Elisabethville. Msemaji wao alikuwa karani mmoja, Léonard Mpoyi. Wakubwa walitaka watu watawanyike warudi kazini kwanza. Watu walikataa kuondoka bila jibu. Askari wakapiga risasi. Mpoyi alianguka pale, na pamoja naye makumi ya watu. Serikali ilitoa hesabu yake, na watu wa kambi walikuwa na hesabu kubwa kuliko hiyo.

Tshibumba alikuwa hajazaliwa. Alizaliwa miaka sita nyuma ya mauaji hayo. Basi aliyajua namna gani? Kwa mdomo wa wazee. Masomoni hayakufundishwa, kampani haikuyaandika ukutani, na hakukuwa na siku ya mapumziko kwa ajili yake. Yalibaki kwenye nyumba za watu kwa miaka zaidi ya 30, hadi mtu mmoja akayachukua na kuyatia rangi. Mimi nimefanya mikutano mingi na wachimbaji, na kila mara nikieleza 1941 ninaona watu wanashangaa kwamba haki ya kuwa na delege kazini ilianza kwa damu ya watu wasiokuwa na karatasi yoyote ya chama.

Baada ya hapo anafika kwa Lumumba, na hapo ndipo moyo wake ulikuwa. Alimchora akisema mbele ya mfalme Baudouin tarehe 30 Juni 1960. Alimchora amefungwa, ameteremshwa kwenye ndege Elisabethville, ameuawa tarehe 17 Januari 1961 pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Katika picha moja misalaba mitatu inasimama kwa mbali, sawa Golgota. Kwa Tshibumba Lumumba alikufa kwa ajili ya watu kama Bwana Yesu, na hakuogopa kuonyesha hivyo.

Mtu wa Kinshasa anaweza kuona ni jambo rahisi. Halikuwa rahisi. Tshibumba aliishi Katanga, kwa Tshombe, mahali ambapo Lumumba aliuawa na ambapo wengi walimhesabu adui. Naye mwenyewe alikuwa Mkasai. Katika secession Wakasai walifukuzwa nyumbani kwao, na mwaka 1961 maelfu kwa maelfu waliishi katika kambi ya wakimbizi chini ya ulinzi wa askari wa ONU palepale Elisabethville. Na Wakasai nao walikuwa na kesi yao na Lumumba, juu ya askari waliotumwa Bakwanga 1960, watu wengi wakauawa. Basi mtu huyu angeweza kuchora historia ya kabila lake tu, apate wanunuzi na makofi. Badala yake alichora historia ya nchi. Vita vya makabila alivichora pia, hakuvificha, lakini hakuchora ili kuchochea. Kwetu huku, kuanzia bonde la Ruzizi hadi milima ya Mulenge na Itombwe, kila jamii ina hesabu ya wafu wake na inafunga macho kwa wafu wa jirani. Huku mfano wake unatupiga usoni.

Wasomi wengine wamesema kwamba katika picha zake kuna tarehe zisizo sawa na za vitabu, na matukio yaliyosogezwa kutoka mahali pamoja kwenda pengine. Ni kweli, yamo. Lakini yeye hakukubali kuitwa mchoraji tu, alijiita mwanahistoria. Alitaka mtazamaji afikiri, aulize, abishane. Vitabu vya koloni vilikuwa na tarehe zote sawasawa, na bado vilituambia kwamba Stanley ndiye alivumbua nchi yetu. Kosa la tarehe linasahihishwa kwa kalamu. Uongo wa aina ile unachukua vizazi.

Picha za mwisho za mfululizo wake zilikuwa za mambo yajayo. Alitazama mbele, na alichoona hakikuwa cha kufurahisha sana. Hapo tukumbuke alichora chini ya MPR, wakati mtu alifungwa kwa neno dogo. Mobutu yumo katika picha zake kwa heshima iliyotakiwa, lakini mtu anayejua kusoma picha anaona pia wasiwasi.

Na wasiwasi haukuwa wa bure. Mwisho wa 1974 Fabian aliondoka Zaire. Bei ya shaba duniani ilianguka wakati uleule. Zairianisation ya Novemba 1973 ilikuwa imeanza kuua maduka na biashara. Gécamines, iliyochukua nafasi ya Union Minière, ikaanza kukosa pesa, mshahara ukapoteza nguvu, na mfanyakazi asiyeweza kununua unga hanunui picha. Kisha vita vikaingia Shaba, 1977 na tena 1978, na Kolwezi ikawa mji wa maiti. Tshibumba aliendelea kuchora, na mwanahistoria Bogumil Jewsiewicki alipata kazi zake nyingine. Halafu, mwanzo wa miaka ya 1980, habari zake zikakatika. Hakuna aliyemwona tena. Wanaoandika juu yake wanamhesabu kati ya wafu, lakini hakuna tarehe ya kifo, hakuna kaburi linaloonyeshwa, hakuna msalaba. Alikuwa na miaka 30 na kidogo. Mtu aliyekesha ili wafu wa wengine wasisahauliwe, yeye mwenyewe alipotea bila ukumbusho.

Picha zenyewe zilisafiri. Mwaka 1996 Fabian alitoa kitabu Marekani chenye picha 101 na maelezo ya mchoraji kwa Kiingereza, na baadaye maneno yake ya Kiswahili yaliwekwa kwenye intaneti. Picha za mfululizo huo ziliingia katika makumbusho ya Tropenmuseum, Amsterdam. Mwaka 1999 kazi zake zilikuwa kati ya picha za Lumumba zilizoonyeshwa New York. Mwaka 2017 watu walipanga mstari kuzitazama Kassel, Ujerumani, kwenye maonyesho ya documenta 14. Tuseme ukweli: bila mwalimu yule kununua na kutunza, labda panya na mvua vingekuwa vimemaliza vyote. Hilo tunashukuru. Lakini ni vilevile na shaba. Kitu kinatoka hapa kwa bei ya chini, kinasafishwa kule, thamani inapanda kule, na mtoto wa Kolwezi, wa Kamituga ao wa Misisi hana njia ya kukiona kwa macho yake.

Kuirudisha kazi yake hakuhitaji kungoja serikali ijenge makumbusho. Maneno yake yako kwa Kiswahili, lugha yetu, mwalimu mwenye simu anaweza kuyasoma mbele ya wanafunzi. Sendika zinaweza kufanya tarehe 9 Disemba siku ya kueleza mgomo wa 1941 kwenye kila shimo, na kuweka picha mbele ya watu badala ya hotuba peke yake. Na wachoraji tunao: wanaoandika majina ya mitumbwi Kalundu, wanaopaka kuta za maduka na saluni za nywele. Wamejaa kipaji, lakini tunawaomba kuchora chupa za bia na antena za simu tu. Tuwaombe wachore pia Kasika na Makobola, wachore waliofunikwa na udongo kwenye mashimo ya dhahabu, wachore wa kila jamii bila kuchagua, na tuwalipe hata kidogo kwa kazi hiyo. Wazee waliokuwa na Sominki kazini wanakufa kila mwaka pamoja na maneno yao.

Tshibumba alianza na gunia la unga, rangi chache na masikio ya kusikiliza wazee. Magunia hayajaisha Uvira.